Je, Wajua? Figo Zenye Vifuko na Moto Unaofifia Ndani ya Seli

Je, wajua kwamba mmoja wa wagonjwa wa zamani zaidi wa figo zenye vifuko wanaotajwa katika historia alikuwa mfalme? Stefan Batory wa Poland alifariki tarehe 12 Desemba 1586 mjini Grodno, mji ambao leo uko Belarus, baada ya kuugua kwa siku chache. Mwili wake ulipofunguliwa ili kutayarishwa kwa maziko, daktari wa upasuaji alikuta figo kubwa mithili ya za fahali, uso wake umejaa manundu. Akaandika alichokiona, basi. Hakuna aliyejua kile ni kitu gani. Madaktari wa leo wanaposoma maelezo yale, wengi wao huona ndani yake ugonjwa wanaoukuta kliniki kila wiki.

Miaka 300 ilipita kabla ugonjwa huo haujapata jina. Mwaka 1888, Félix Lejars aliueleza katika tasnifu yake mjini Paris, akasisitiza kwamba hushika figo zote mbili. Mwaka 1957, Ove Dalgaard wa Denmark akawafuatilia wagonjwa 284 pamoja na jamaa zao, akaonyesha bila shaka kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Lakini jambo tunalotaka kulisimulia hapa ni jipya zaidi, na limegunduliwa ndani ya karne hii. Ni kuhusu viungo vidogo sana ndani ya seli viitwavyo mitokondria, ambavyo kazi yake ni kuzalisha nguvu. Kwa miaka mingi figo hizi zilitazamwa kama tatizo la maji yasiyo na pa kwenda. Siku hizi watafiti wengi wanaanza kuziona kama figo ambazo seli zake zimeharibikiwa na namna ya kutumia chakula.

Figo ya kilo saba

Figo ya mtu mzima mwenye afya ina uzito wa gramu 150 hivi na urefu wa sentimita 11 au 12. Mwaka 2019, madaktari wa hospitali ya Sir Ganga Ram mjini Delhi, India, walimtoa mgonjwa figo moja yenye vifuko. Ilipowekwa kwenye mizani ilifika kilo 7.4. Watoto wachanga wawili wakipimwa kwa pamoja mara nyingi hawafiki uzito huo.

Figo ya namna hiyo ikiwekwa kwenye sinia ya chumba cha upasuaji, mtu asiyeambiwa hawezi kujua kwamba ni figo. Umbo lile la kunde halipo tena. Kinachoonekana ni vifuko vimesongamana, vingine vidogo kuliko punje ya dengu, vingine vipana sentimita kadhaa, kila kimoja na ngozi yake nyembamba inayong'aa. Kimoja kikitobolewa hutoa maji safi kabisa. Cha pembeni yake hutoa maji ya manjano. Kingine hutoa uji wa rangi ya kahawia, kwa sababu damu ilivujia ndani zamani ikabaki humo. Katikati ya vifuko hivyo, nyama ya figo iliyokuwa ikisafisha damu imebanwa ikawa nyuzi tu.

Hata hivyo mwenye figo hizi anaweza kuishi miaka 30 au 40 bila kujua. Vipimo vya damu huendelea kusoma vizuri kwa muda mrefu, maana sehemu nzima zilizobaki hufanya kazi ya ziada. Kinachotangulia mara nyingi ni presha kupanda kwa kijana ambaye hatarajiwi kuwa na presha, au maumivu ya ubavuni, au mkojo wenye damu. Takribani nusu ya wagonjwa huishia kwenye figo kushindwa kazi wanapofikia umri wa miaka 60.

Nusu kwa nusu

Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua vizuri ugonjwa wa selimundu, na anajua kwamba mtoto huupata pale tu baba na mama wote wawili wanapompa jeni yenye kasoro. Ugonjwa huu wa figo hauhitaji wawili. Mzazi mmoja anatosha. Kila mtoto anayezaliwa na mzazi mwenye ugonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 kuurithi, awe wa kiume au wa kike, na bahati ya mtoto wa kwanza haimsaidii wala kumdhuru wa pili. Upo pia ugonjwa mwingine, adimu zaidi, unaohitaji wazazi wawili. Huo huwapata watoto wachanga, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya 6. Makala haya yanahusu ule wa mzazi mmoja, ambao unakadiriwa kuwa na wagonjwa milioni 12 duniani.

Jeni zinazohusika zaidi ni mbili. PKD1 iko kwenye kromosomu ya 16 na ndiyo chanzo kwa zaidi ya robo tatu ya wagonjwa. PKD2 iko kwenye kromosomu ya 4, na kasoro yake huwa na upole: figo za mwenye nayo huchelewa sana kuchoka. PKD1 ilipatikana mwaka 1994 kwa msaada wa familia moja ya Kireno. Mama na binti yake walikuwa na figo zenye vifuko, na walipopimwa ilionekana kwamba kipande cha kromosomu yao ya 16 kimekatika na kubadilishana nafasi na kipande cha kromosomu ya 22. Mkato ulikuwa umepita katikati kabisa ya jeni iliyokuwa ikitafutwa kwa miaka karibu kumi. Na kwa nini ilisumbua hivyo kuipata? Kwa sababu jirani yake, kwenye kromosomu hiyohiyo, zipo nakala 6 bandia zinazofanana nayo kwa sehemu kubwa. Hadi leo maabara zinazopima jeni hii zinalazimika kujihadhari nazo.

Je, wajua kwamba kila seli ya figo ya mgonjwa imebeba kasoro hiyo, lakini mirija inayogeuka kuwa vifuko ni michache sana? Kila figo ina mirija midogo ya kuchuja ipatayo milioni moja, na inayoota vifuko ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mtu huzaliwa na nakala moja mbovu na moja nzima. Kifuko huanza pale seli moja inapopoteza na ile nzima, au inapobaki na protini isiyotosha. Seli hiyo hugawanyika, watoto wake hugawanyika, mrija hutuna, na mwisho kifuko hukatika kabisa kutoka kwenye mrija uliokizaa.

Mama hana kosa zaidi ya baba

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa wakisikia neno mitokondria. Viungo hivi vina DNA yao wenyewe, iliyo tofauti na ile ya kwenye kiini cha seli. Ni fupi mno: herufi 16,569 tu, zenye jeni 37. Ilisomwa yote mjini Cambridge, Uingereza, na matokeo yakachapishwa mwaka 1981. Na mtoto huirithi kutoka kwa mama, kwa kuwa mitokondria za mbegu ya baba haziendelei baada ya yai kurutubishwa. Sababu ya kuwa na DNA ya pekee ni kwamba mababu wa mitokondria walikuwa bakteria waliojitegemea, wakaingia ndani ya seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita na wasitoke tena. Lynn Margulis wa Marekani alipolitetea wazo hilo mwaka 1967 wengi hawakumsikiliza. Leo linafundishwa kwa wanafunzi wa sekondari.

Basi mtu husikia kwamba mitokondria za wagonjwa wa figo zenye vifuko zina hitilafu, halafu akahitimisha kwamba ugonjwa umetoka upande wa mama. Si kweli. Jeni za PKD1 na PKD2 haziko kwenye DNA ya mitokondria. Ziko kwenye kromosomu za kawaida, ambazo baba na mama huzigawa sawasawa. Mitokondria ya binadamu inahitaji protini zaidi ya 1,000 ili ifanye kazi, na DNA yake yenyewe hutengeneza 13 tu. Zilizobaki zote huagizwa kutoka kwenye kiini. Kwa hiyo mtu anaweza kurithi kutoka kwa baba kasoro ambayo mwishowe inazidhuru mitokondria alizopewa na mama yake. Familia zenye tabia ya kutafuta ukoo wa kulaumiwa zingefaidika kulijua hili.

Kiungo chenye njaa

Figo zote mbili kwa pamoja hazifikii nusu ya asilimia moja ya uzito wa mwili. Lakini zinapokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kila siku zinachuja lita 180 hivi za maji kutoka kwenye damu, kisha zinayarudisha karibu yote, zikabakiza lita moja na nusu au mbili za mkojo. Kurudisha huko ndiko kwenye gharama. Chumvi, sukari na madini havirudi vyenyewe. Vinavutwa na pampu ndogo zilizo kwenye kuta za seli, na pampu hizo haziendi bila nguvu. Ndiyo maana katika viungo vyote vya mwili, figo zinashindwa na moyo tu kwa wingi wa mitokondria na kwa kiasi cha oksijeni zinachokitumia kulingana na uzito wake.

Kuna jambo jingine ambalo hata watu waliosoma baiolojia hawalijui sana. Seli za sehemu ya mwanzo ya mrija wa figo, ambako kazi ni nzito kuliko kwingine kote, hazipendi kuchoma sukari. Zinachoma mafuta. Mafuta hayachomwi mahali pengine popote penye faida isipokuwa ndani ya mitokondria. Mitokondria zikilegea, seli hiyo haina akiba ya kukimbilia.

Kimiminika kilichogeuka asidi

Mwaka 2013, kundi la watafiti mjini Milan, Italia, likiongozwa na Alessandra Boletta, lilichapisha matokeo katika jarida la Nature Medicine ambayo yaligeuza mwelekeo wa utafiti mzima. Walikuwa wakikuza seli za panya zisizokuwa na jeni ya Pkd1, wakaona kwamba kimiminika cha kulea seli hizo kinageuka kuwa asidi upesi kuliko cha seli za kawaida. Jambo hilo ni dogo kiasi kwamba mwingine angebadilisha kimiminika na kuendelea na shughuli zake. Wao waliuliza asidi inatoka wapi. Wakakuta kwamba seli zinakula sukari nyingi kupita kiasi na kuitupa nje ikiwa imegeuzwa asidi ya laktiki, ilhali oksijeni ipo ya kutosha.

Tabia hiyo ilikwishaonekana kwingine. Otto Warburg, Mjerumani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1931, aliiona kwenye seli za saratani tangu miaka ya 1920. Seli yenye afya huivunja sukari hatua ya kwanza nje ya mitokondria, ikapata vipande 2 vya nguvu, ile iitwayo ATP, halafu huingiza mabaki ndani ya mitokondria na kupata vingine vinavyofikisha jumla karibu 30. Seli ya kifuko hufanya kama mtu anayekamua muwa mara moja na kutupa makapi yangali na utamu. Ili ishibe, inabidi ikamue miwa mingi. Lakini kuna kinachopatikana kwenye ubadhirifu huo: seli inayotumia sukari namna hii hujikusanyia malighafi za kujengea seli mpya. Kwa kifuko kinachotaka kukua, hilo ni neema.

Kundi la Milan likawapa panya wagonjwa dawa inayofanana na sukari lakini isiyoweza kuchomwa. Seli zikaimeza zikidhani ni chakula. Vifuko vikapungua kasi ya kukua.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2016, kundi la Gregory Germino katika taasisi za afya za taifa za Marekani lilionyesha upande wa pili wa jambo hilohilo: seli hizi hazichomi mafuta ipasavyo. Na mwaka 2017 watafiti wa Japani walichunguza figo za wagonjwa na za wanyama kwa hadubini ya elektroni. Mitokondria ya kawaida ni ndefu, na ndani yake kuna mikunjo iliyopangwa kwa safu zilizobana. Kwenye mikunjo hiyo ndipo nguvu inapotengenezwa. Katika seli za vifuko walikuta mitokondria zilizovimba na mikunjo iliyopungua. Nakala za DNA ya mitokondria nazo zilikuwa chache kuliko kawaida. Walipozipa seli hizo dawa inayozuia kutu ya oksijeni, yaani uharibifu unaoletwa na oksijeni, ndani ya mitokondria, kugawanyika kwake kukapungua.

Mkia unaosafiri

Swali gumu lilibaki. Je, mitokondria huharibika kwa sababu figo imekwisha kuumwa, au figo huumwa kwa sababu mitokondria zimeharibika? Mtu akikonda na akawa anakohoa, lazima ujue kipi kimeleta kipi kabla hujampa dawa. Wakosoaji walikuwa na haki ya kusema kwamba figo yoyote iliyobanwa na vifuko ingekuwa na mitokondria dhaifu.

Jibu bora hadi sasa limetoka kwenye protini yenyewe. PKD1 hutengeneza protini iitwayo polisistini-1, ambayo ni jitu: viungo vyake vya msingi, yaani asidi amino, ni zaidi ya 4,300. Sehemu kubwa imejitokeza nje ya seli. Inayobaki ndani ni mkia mfupi wa asidi amino 200 tu. Kwa muda mrefu ilisomwa kama kipokezi kinachokaa kwenye kinyweleo cha seli, yaani ule unywele mmoja unaochomoza kutoka kwenye seli ya mrija wa figo, kikishirikiana na polisistini-2 ambayo hupitisha kalsiamu. Maelezo hayo hayajafutwa. Ila mwaka 2018 kundi la Germino liliripoti kwamba kipande cha mkia hukatwa, kikaondoka kwenye ukuta wa seli, kikasafiri hadi ndani kabisa ya mitokondria.

Mwaka 2023 kundi la Michael Caplan katika Chuo Kikuu cha Yale likafanya jaribio ambalo kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote katika habari hii. Walichukua panya waliozimiwa jeni ya Pkd1, ambao figo zao zilipaswa kujaa vifuko, wakawapa mkia peke yake. Asidi amino 200 kati ya zaidi ya 4,300. Hazifiki hata asilimia 5 ya protini nzima. Figo zikapata nafuu kubwa.

Walipotafuta mkia huo unashikana na nini ndani ya mitokondria, walikuta kimeng'enya kiitwacho NNT, ambacho kazi yake ni kusawazisha kemikali zinazolinda seli dhidi ya kutu ya oksijeni. Sasa sikiliza bahati ilivyoingia. Panya wa maabara wanaotumika zaidi duniani ni ukoo uitwao C57BL/6. Ukoo huo una matawi. Tawi la J, lililozalishwa kwenye maabara ya Jackson katika jimbo la Maine, lilipoteza jeni ya NNT kwa ajali ya maumbile miaka mingi iliyopita, na panya wakaendelea kuzaana bila mtu kujua hadi miaka ya 2000. Tawi la N bado linayo. Kwa hiyo watafiti walikuwa na jaribio lililokwisha kuandaliwa na maumbile yenyewe: mkia uleule, kwa panya wenye NNT na wasio nayo. Kwa wenye NNT, mkia uliokoa figo. Kwa wasio nayo, haukufanya kitu.

Kama mitokondria zingekuwa zinaumia tu kwa sababu figo imeumwa, kusingekuwa na sababu yoyote ya kimeng'enya kimoja cha mitokondria kuamua nani apone. Hili halimalizi mjadala, lakini linawanyima usingizi wale wanaosema mitokondria ni mashahidi tu.

Polisistini-2 nayo ina kazi yake huko. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba inapokosekana, mitokondria hushikamana mno na ghala la kalsiamu la seli, na kalsiamu humiminika ndani yake kupita kiasi.

Paka na minyoo

Je, wajua kwamba paka wa Kiajemi, wale wenye manyoya marefu na pua iliyobonyea, wanaugua ugonjwa huuhuu? Zaidi ya theluthi moja yao walikutwa nao katika uchunguzi wa nchi mbalimbali, na mwaka 2004 kasoro yao ilipatikana kwenye jeni ileile ya PKD1. Wafugaji makini sasa huwapima kabla ya kuwazalisha.

Na kwa mnyoo mdogo wa udongoni aitwaye C. elegans, jeni ya jamii hiyohiyo haihusiani na figo kabisa. Mwaka 1999 ilibainika kwamba dume akiikosa, hushindwa kupata mahali pa kumpandia jike.

Je, kufunga kula kunasaidia?

Ikiwa seli za vifuko zinategemea sukari na haziwezi kuchoma mafuta vizuri, basi mtu akiwanyima sukari panya wagonjwa kitatokea nini? Thomas Weimbs na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walijibu mwaka 2019. Wanyama waliopunguziwa muda wa kula, au waliopewa chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, vifuko vyao vilikua polepole zaidi.

Habari hiyo ilisambaa, na baadhi ya wagonjwa wakaanza kuacha ugali na wali bila kumuuliza mtu. Mwaka 2023 jaribio la wanadamu lilichapishwa kutoka Cologne, Ujerumani. Wagonjwa 66 waligawanywa makundi matatu kwa miezi 3: wa chakula chenye wanga kidogo sana, wa kufunga siku 3 kila mwezi wakinywa maji tu, na wa kula kama kawaida. Ukubwa wa figo haukubadilika kwa kiasi cha kuaminika. Uwezo wa kuchuja damu ulionekana kupanda kidogo kwa wale wa chakula chenye wanga kidogo sana. Miezi 3 ni michache mno kwa ugonjwa unaochukua miaka 40, na watu 66 ni wachache. Ni dalili njema, si dawa. Tena wagonjwa hawa wana tabia ya kupata mawe ya figo, na chakula cha namna hiyo kinaweza kuongeza hatari hiyo. Anayetaka kujaribu afanye hivyo huku daktari wake akimpima damu.

Metformini, kidonge cha kisukari kinachopatikana katika maduka ya dawa ya Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, nayo imo kwenye orodha, kwa kuwa inagusa mitokondria na kuamsha kipima nguvu cha seli. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2021, lenye wagonjwa 97 wasio na kisukari, lilionyesha kwamba wanaivumilia vizuri. Kama inazuia vifuko au la, majaribio makubwa zaidi ndiyo yatakayosema.

Dawa inayotumika kwa kweli leo ni tolvaptani. Haielekezwi kwa mitokondria. Inaizuia homoni inayoziamrisha seli za kifuko kumimina maji ndani. Katika jaribio la watu 1,445 lililochapishwa mwaka 2012, figo za walioinywa zilikua kwa asilimia 2.8 kwa mwaka, na za wasioinywa asilimia 5.5. Marekani iliiruhusu kwa ugonjwa huu mwaka 2018. Ni ghali, humfanya mtu akojoe usiku na mchana, na ini lazima lipimwe mara kwa mara. Wengi walidhani kunywa maji mengi kungeizima homoni hiyo bila gharama, lakini jaribio la Australia lililofuatilia watu 184 kwa miaka 3, lililochapishwa mwaka 2022, halikuonyesha tofauti katika ukuaji wa figo.

Je, wajua kwamba figo hizi zinaweza kurudi nyuma? Mwaka 2021 kundi la Stefan Somlo wa Yale liliwarudishia panya jeni waliyokuwa wamenyimwa, baada ya figo zao kuwa zimekwisha kuvimba. Vifuko vilinywea, na figo zikapungua ukubwa. Hadi hapo, wengi walidhani kifuko kikishaota kimeota.

Ya kufanya sasa

Yanayowezekana leo katika hospitali zetu hayahitaji maabara ya Yale. Altrasaundi ya kawaida, ile ya kutazama ujauzito, inatosha kwa familia nyingi. Mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 39 ambaye mzazi wake ana ugonjwa huu, akionekana na vifuko 3 au zaidi kwenye figo zake kwa jumla, amekwisha kutambuliwa. Kwa wa miaka 40 hadi 59, vinatakiwa angalau 2 katika kila figo. Kifuko kimoja kwa mtu asiye na historia hiyo ya familia ni jambo la kawaida na si la kuogopwa.

Presha ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2014, vijana walioishusha presha chini sana, hadi kati ya 95/60 na 110/75, figo zao zilikua polepole kwa asilimia 14 kuliko za wale walioishusha kwa kiwango cha kawaida. Vidonge vya presha viko katika zahanati. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu huzinywa ovyo kwa ajili ya mgongo na ubavu, zinaziumiza figo ambazo tayari zina shida.

Na jambo la mwisho linawahusu wanaojitolea. Tangu Muhimbili ifanye upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2017, familia nyingi zaidi za Tanzania zimekuwa zikikabiliwa na uamuzi wa nani ampe nani figo, na anayejitokeza kwanza huwa ndugu wa damu. Katika ugonjwa huu, ndugu huyo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuwa nao bila kujua. Kama mzazi wako au ndugu yako ameambiwa figo zake zina vifuko, kapime presha na ukapigwe altrasaundi kabla hujamwahidi mtu figo yako.